Siku ya Kwanza ya Ligi



Naomba niseme habari ya mpira. Agosti 2024 Pamba, mabingwa wa Muungano wa 1990, walirudi Ligi Kuu baada ya miaka zaidi ya ishirini. Daraja la Busisi lilikuwa bado. Nikavuka kwa kivuko, kichwani kofia ya marehemu baba, aliyeahidi kwamba siku hiyo ikifika tutakwenda Kirumba pamoja.

Tulitoka suluhu na Prisons, 0-0. Nilirudi Sengerema sina sauti, nina furaha tele. Simba na Yanga walikuwa hawajacheza, hawana pointi hata moja. Sisi tulikuwa nayo!