Usiku si mweusi

(Mazungumzo na wanakisomo wa Migato, Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu)



Mlipoanza kisomo, mliitazama herufi kwanza, kisha mkaiandika. Kuchora nako ni hivyo hivyo. Leo tuzungumze juu ya kuchora kijiji chetu usiku wa mbalamwezi, kwa rangi ya mafuta.

Wengine mtauliza, "Mwalimu, hiyo si kazi ya watu wa vyuo?" Hapana. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Hakusoma chuo cha sanaa. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972, lakini alikuwa amekwisha wafundisha jamaa zake. Mwaka 1990 waliomfuata waliunda chama cha ushirika. Leo michoro ya Tingatinga inajulikana duniani. Mali yake ya kwanza ilikuwa jicho na bidii. Hivyo hata wewe unavyo.

Kwanza, tazama. Toka nje usiku wa mwezi mpevu. Mtu akiambiwa achore usiku, hukimbilia kopo la rangi nyeusi. Lakini tazama shamba la pamba iliyopasuka. Mchana pamba ni nyeupe. Usiku ina rangi ya majivu yenye buluu kidogo. Khanga nyekundu ya mama aliyekaa uani huonekana nyeusi, maana penye mwanga hafifu jicho hupoteza rangi nyekundu kabla ya buluu. Basi, usiku si mweusi. Una rangi zake.

Pili, jua mwezi uko wapi. Mwezi mpevu huchomoza mashariki wakati jua linazama. Kwa hiyo, mapema usiku, vivuli vya nyumba, miti na zizi hulala kuelekea magharibi. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, nao hutua mapema. Ukiuchora unachomoza mashariki jioni, wazee watakucheka, na watakuwa na haki.

Tatu, shika kazi. Chukua kipande kidogo cha hadibodi. Kisugue kwa msasa, ukipake rangi nyeupe ya mafuta, uache kikauke. Chora mistari kwa penseli: mbingu, miti, nyumba, njia. Changanya buluu na kahawia upate giza la usiku. Paka mbingu kwanza, tena kwa wepesi. Karibu na mwezi ongeza nyeupe kidogo. Acha ikauke ndipo upake miti na nyumba. Ukiharakisha, rangi zitavurugika ziwe tope. Mwanga wa mwezi juu ya bati, majani na pamba uwe wa mwisho, nao uwe kidogo. Chumvi ikizidi huharibu mboga.

Sasa hadhari. Rangi ya mafuta na tapentaini hushika moto upesi. Usichoree jikoni wala karibu na kibatari. Fanya kazi mchana, mahali penye hewa, ukikumbuka ulichokiona usiku. Weka makopo mbali na watoto. Wala usiuze mbuzi kununua rangi. Wanakisomo watano wanaweza kuchangia makopo matatu: nyeupe, buluu na kahawia.

Je, faida ni nini? Sisemi kwamba kesho utauza picha uache jembe. Lakini picha nzuri huweza kununuliwa, na mkono uliozoea brashi huweza kuandika kibao cha duka. Zaidi ya hayo, kijiji hubadilika. Miti hukatwa, nyumba za nyasi hugeuka za bati. Tusipochora wenyewe, wajukuu wetu wataiona Migato ya leo kwa macho ya wageni tu, au wasiione kabisa.

Kazi ya kufanya: Mwezi ukipevuka, keti nje nusu saa. Andika katika daftari rangi tano unazoziona. Uje nazo darasani tuzijadili.

Elimu haina mwisho.