Mikono Iliyoinuliwa Darasani



Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Gredi ya 7, watoto wa miaka 12 na 13. Niliwauliza, "Ni wakati gani yatupasa kunawa mikono kwa sabuni?" Mikono yote iliinuka. Mmoja akasema, kabla ya kula. Mwingine akasema, tukitoka chooni. Wa tatu akaeleza jinsi mayai ya minyoo yanavyotoka katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, yakanata vidoleni, na kuingia tumboni pamoja na chakula. Nikajisemea moyoni, hawa wamefundishwa vema.

Kisha kengele ya chakula ikalia. Wote wakakimbilia githeri, wala hakunawa hata mmoja. Nami, ndugu yangu, nilipokea sahani yangu, nikafumba macho, nikaomba baraka, nikaanza kula. Msichana mmoja akaniambia kwa adabu, "Mchungaji, hata wewe hukunawa." Niliona haya. Nikamwuliza, "Na ninyi je?" Akajibu, "Bomba liko ng'ambo ya uwanja, na sabuni hakuna."

Nilimkumbuka Yakobo, anayetuonya kwa mfano wa mtu ajitazamaye katika kioo, kisha akaenda zake na kusahau jinsi alivyo. Yeye alisema habari za Neno la Mungu, lakini kosa letu ni lile lile. Tunajua, wala hatutendi.

Na hasara yake si ndogo. Mwaka wa 2009 serikali yetu ilianza mpango mkubwa wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni. Ni jambo jema. Lakini dawa huua minyoo iliyomo tumboni leo. Haimzuii mtoto kumeza mayai mengine kesho. Na wale minyoo wa safura hupenya katika nyayo za mtoto asiye na viatu, wakamnyonya damu. Mtoto huketi darasani amelegea, na mwalimu akadhani ni mvivu. Huenda hata mzazi akamchapa, kumbe damu imepungua!

Wazazi wapenzi, mtoto hupata jibu darasani, lakini desturi huipata nyumbani. Akikuona ukinawa, naye atanawa. Tena mrahisishie njia. Chukua mtungi mdogo wa plastiki, utoboe tundu karibu na mdomo, uutundike juu ya mti, uufunge kamba iliyoshikwa na kijiti cha kukanyagia. Ning'iniza kipande cha sabuni kando yake. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Kiweke karibu na choo, si ng'ambo ya uwanja. Na choo kitumiwe, na miguu ivikwe viatu.

Juma lililofuata nilirudi katika shule ile nimebeba mtungi, kamba na sabuni. Wanafunzi wenyewe walichimbia nguzo. Yule msichana alinawa wa kwanza, nami nikanawa wa pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa toba yangu.

Na tuombe. Ee Baba, umetupa miili hii tuitunze. Utusamehe tunapowafundisha watoto wetu tusiyoyatenda. Utupe mikono iliyo tayari kujibu, na iliyo tayari kutenda. Katika jina la Yesu. Amina.