Anwani Zinapogongana: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuunganisha Mitandao ya Matawi



Wenye maduka, zahanati au shule zenye matawi hufikia wakati wakataka kuunganisha mitandao yao. Leo tunazungumzia tatizo linaloweza kumfanya mteja alipie kazi moja mara mbili: anwani zinazofanana.

Kila kompyuta, printa au kamera iliyo mtandaoni hutambuliwa kwa anwani ya namba. Mwaka 1996, waraka wa kiufundi uitwao RFC 1918 uliainisha mafungu matatu ya anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia ndani ya mtandao wake bila kuomba kibali. Uhuru huo una gharama yake, kwani ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani zilezile, kama zinazoanza na 192.168.1.

Tuseme duka la dawa la mjini lina printa yenye anwani 192.168.1.20, na kompyuta ya hesabu iliyoko tawini ina anwani hiyohiyo. Karani wa mjini akiitafuta kompyuta ile, mashine yake huamini kuwa imo humo dukani, na ujumbe hautoki nje. Kununua intaneti yenye kasi zaidi hakuponyi hilo.

Dawa ya kwanza ni kubadili anwani za upande mmoja. Pale isipowezekana, fundi hutumia tafsiri ya anwani: duka la mjini huonekana kwa wenzake kama 10.10.1, na tawi kama 10.10.2. Karani huita 10.10.2.20, kisha ruta ya tawini huigeuza kuwa anwani halisi.

Ruta zinaweza pia kupashana habari za njia zenyewe, ili njia moja ikikatika zifuate nyingine iliyopo. Hapo zinapaswa kutangaziana anwani zilizotafsiriwa pekee. Zikitangaza zile za asili, tawi la tatu litaona majengo mawili yakidai anwani moja, na ujumbe unaweza kupelekwa kusikokusudiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kumalizia malipo, tunawashauri mfanye yafuatayo:

1. Mdai jedwali la maandishi linaloonyesha anwani halisi na zilizotafsiriwa za kila tawi.
2. Mshuhudie majaribio kutoka pande zote. Na kama mmelipia njia ya akiba, njia kuu ikatwe mbele yenu.
3. Mkabidhiwe nywila za ruta na nakala ya mipangilio yake.
4. Mhakikishe mawasiliano yamesimbwa, kwa sababu tafsiri ya anwani si kufuli la kulinda taarifa za wateja wenu.

Mwenye jedwali na nywila mkononi anaweza kumwita fundi mwingine yeyote. Asiyekuwa navyo hubaki mateka wa fundi yule wa kwanza.