Utafiti Usiomrudia Mkulima

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa Serikali, Mgeta, Morogoro)



Semina za sayansi ya jamii juu ya ubaguzi wa rangi, tofauti za hali kati ya matajiri na maskini, na haki duniani, hufanyika zaidi katika vyuo vikuu na miji mikubwa. Lakini ushahidi wa mada hizo upo hapa hapa, katika miteremko ya Uluguru.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, hilo tusilifiche. Lakini kazi ilikuwa ya sulubu, na mahali pengi udongo wa juu ni mwembamba, hata kuchimba kukafukia wenye rutuba na kuinua usiofaa. Mwezi Julai 1955 wananchi walipinga waziwazi huko Matombo, upande wa mashariki wa milima hii. Mtu mmoja aliuawa. Mpango ukafa.

Watawala walikuwa na maelezo yao yaliyozoeleka: mkulima Mwafrika ni mzito wa kubadilika, au amechochewa na wanasiasa. Hapo ubaguzi ulivaa joho la elimu. Maana hapa Mgeta, katika milima ileile, wakulima waliyatumia matuta kwa kilimo cha mboga. Maji ya mifereji yalikuwapo, soko lilikuwapo, na jasho lilikuwa na malipo. Mluguru hakukataa maarifa, alikataa hasara.

Dharau hiyo haikuwa ya shambani tu. Mwaka huohuo wa 1955, viti 30 vya wajumbe wasio wa Serikali katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika viligawanywa kwa rangi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya watu 9 katika kila watu 10 wa nchi hii.

Uhuru wa mwaka 1961 ulifungua njia ya kuifuta hesabu hiyo. Lakini swali la nani anaulizwa na nani anajibiwa halikwisha. Mwezi Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Wataalamu Paul Temple na Anders Rapp walifanya uchunguzi, wakaonyesha kwamba karibu maporomoko yote yalianzia penye mashamba na majani, si penye msitu. Kazi hiyo ya manufaa makubwa ilichapishwa mwaka 1972, kwa Kiingereza, katika jarida la Sweden. Mwaka huohuo Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha nyuma Afrika, nacho kwa Kiingereza. Kazi ya kwanza ilieleza kwa nini ardhi ya mkulima inaporomoka. Ya pili, kwa nini jasho lake lina bei ndogo. Zote mbili ziliandikwa kwa lugha isiyo ya mkutano wa kijiji.

Ndugu zangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala katika mteremko huu ni mkulima, naye ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Basi mtafiti anapofika ofisini na kibali chake, tumpokee kwa heshima, kisha tumwulize: matokeo yatarudi lini, kwa Kiswahili, na yatasomwa mbele ya nani? Mwalimu awe tayari kuyafasiri. Bwana shamba naye, kabla hajapeleka agizo jipya, aulize kwanza ni wapi jambo hilo lilifaulu, na kwa sababu gani.

Tunadai, na tuna haki ya kudai, kwamba mataifa makubwa yayasikilize mataifa maskini. Lakini sauti yetu itakuwa na nguvu gani huko nje, iwapo humu ndani mkulima wa Nyandira anapimwa shamba lake na kuhesabiwa watoto wake, kisha hapewi jibu?