Nchi ya Mwezi: Njia ya Speke katika Usui



Mji wa Rhapta umetafutwa kwa muda mrefu katika mwambao wa Tanzania, na hadi leo wataalamu hawajaafikiana ulikuwa mahali gani. Ptolemy wa Aleksandria, aliyeutaja katika karne ya 2, alieleza pia bara lililo nyuma ya mwambao huo: maziwa ya Mto Naili na, katika maandishi yanayobeba jina lake, Milima ya Mwezi ambayo theluji yake huyajaza maziwa hayo. Wanaakiolojia wameutafuta mji kwa kuchimba. Milima ilitafutwa kwa kufuata neno moja, na neno hilo ndilo mada ya mhadhara huu.

Mwishoni mwa 1861, John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi ya mtawala Suwarora, ambayo leo imo katika wilaya za Biharamulo na Ngara, huko iliko Kaniha. Walikawizwa kwa madai ya hongo, na Suwarora mwenyewe hawakupata kumwona. Malalamiko ya Speke juu ya hongo yamesomwa na wengi. Yenye faida zaidi kwa mwanaisimu ni mambo aliyokuwa ameyabeba kichwani. Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, alikuwa amempa makala ya Francis Wilford, yenye ramani iliyodaiwa kutoka katika vitabu vitakatifu vya Wahindu, ikionyesha ziwa la Amara na Nchi ya Mwezi. Speke aliithamini hata akaitaja katika kitabu chake cha 1863. Ajabu ni kwamba Wilford alikwisha kukiri tangu 1805 kuwa pandit aliyemsaidia alighushi sehemu za maandishi yale.

Akiwa na ramani ya namna hiyo, Speke aliwasikia wenyeji kupitia vinywa vya watu wengine. Kiswahili alikijua kidogo. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani na kupelekwa India. Bombay akazungumza Kiswahili. Na mara nyingi alihitajika mtu wa tatu ili kuzifikia lugha za wenyeji. Alama za safari hiyo ya maneno zimo katika tahajia zake. Nchi ya Wasubi kwake ni Usui, na ziwa Burigi ni Urigi. Mara zote mbili b ya mwanzo imetoweka na silabi ya kwanza imebaki u-, sawa na ile ya Ugogo na Unyanyembe. Karagwe ya Speke, basi, ilikwisha kupakwa rangi ya pwani kabla haijafika karatasini.

Kutoka Karagwe aliona kwa mbali vilele vya Mfumbiro, akavihesabu kuwa Milima ya Mwezi. Hoja yake ilitegemea pia jina la Unyamwezi. Lakini jina la Wanyamwezi lilienezwa na watu wa pwani, na wengi hulifasiri kuwa watu wa magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Kulifanya ushahidi wa Ptolemy ni kuziruka karne nyingi kwa daraja la silabi mbili.

Kosa hilo lilipata mrithi. Septemba 1892 Oscar Baumann, kutoka Austria, alivuka bonde la Kagera akaingia Urundi. Aliposikia habari za misozi ya Mwezi, alitangaza kuwa kitendawili cha Ptolemy kimeteguliwa. Kirundi, ndugu wa karibu wa Kihangaza cha Ngara, kingemwonya. Misozi ni milima, naam. Lakini mwezi wa mbinguni huko huitwa ukwezi, katika ngeli ya ku-. Mwezi ni jina la kifalme, linalozunguka pamoja na Ntare, Mutaga na Mwambutsa. Aliyoambiwa ilikuwa milima ya mfalme. Makundi ya watu yalimlaki kwa jina hilohilo, naye akaamini kuwa ukoo wa Mwezi umekwisha na kwamba yeye ameonekana kuwa ndiye aliyerejea. Wakati huo Mwezi Gisabo alikuwa hai na anatawala, na aliendelea kutawala hadi alipofariki 1908.