Kaboni, Mwanga na Mgonjwa Aliyechelewa



Huko Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ipo nyumba ya tembe iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, kwa kuwa mwaka 1872 David Livingstone alikaa mahali hapo akingoja wapagazi. Msafara wa Stanley uliotumwa kumtafuta ulitoka Bagamoyo Machi 1871 ukafika Kwihara Juni. Miezi mitatu kwa miguu. Lakini jambo lenye funzo zaidi lilitokea kabla ya hapo. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu walitoroka na sanduku la dawa la Livingstone. Kwinini ilikuwako duniani. Haikuwako mkononi mwa mgonjwa.

Fundisho hilo halina budi kukumbukwa leo, wakati sayansi inapotafuta silaha mpya dhidi ya saratani: kaboni na mwanga.

Kaboni si ngeni Unyamwezini. Imo katika mkaa wa miti ya miombo, katika penseli ya mwanafunzi na katika almasi ya Mwadui. Mwaka 1985 Kroto, Curl na Smalley waligundua molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Mwaka 1991 Iijima wa Japani alieleza mirija ya kaboni iliyo myembamba mno. Na mwaka 2004 Geim na Novoselov, huko Manchester, walitenga utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Vitu hivyo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita.

Kila mtu anajua kwamba kitu cheusi kikiachwa juani hupata joto upesi. Ndiyo siri yenyewe. Chembe za kaboni huingizwa katika uvimbe, kisha uvimbe humulikwa kwa leza yenye mwanga usioonekana, ulio jirani na wekundu, ambao hupenya nyama ya mwili kuliko mwanga wa kawaida. Kaboni huufyonza mwanga huo na kuugeuza joto. Na joto likizidi nyuzi 42 hivi, seli za saratani huanza kufa. Njia nyingine ni kuibebesha kaboni dawa inayoamshwa na mwanga, ikaifanya oksijeni iliyo jirani kuwa sumu kwa seli hizo.

Hata hivyo, ukweli hauna budi kusemwa. Matibabu haya ya kaboni yangali zaidi katika maabara, yakijaribiwa kwa seli na panya. Aidha, mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni iliweza kudhuru panya kwa namna ya nyuzi za asibesto. Na zaidi ya yote, mwanga huo hupenya sentimita chache tu. Uvimbe ulioachwa ukazama na kusambaa mwilini haufikiki.

Kwa hiyo basi, hata tiba hiyo itakapokomaa, itamfaa kwanza yule aliyewahi. Hapa ndipo penye kazi ya leo. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ipo Dar es Salaam. Bugando ipo Mwanza. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 imefupisha njia ya misafara, lakini haiwezi kufupisha miezi ambayo mgonjwa amekaa nyumbani na kidonda kisichopona.

Mwalimu mwenye mwanafunzi mwenye ualbino anaweza kumkalisha kivulini, kumruhusu avae kofia na mikono mirefu, na kutompeleka shambani jua la mchana. Mwalimu huyohuyo ndiye anayewaeleza wazazi juu ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018. Afisa wa kata anaweza kuwahimiza akina mama kupimwa. Kwani kipimo cha siki huonyesha dalili za awali, na joto la kifaa kidogo huweza kuziunguza kabla hazijawa saratani. Joto hilo halingoji ugunduzi mpya.

Wanasayansi na waendelee kuufundisha mkaa kazi ya uganga. Lakini kati ya maabara na kijiji ipo njia, na wapagazi wa njia hiyo ni ninyi. Sanduku la dawa lisipotee tena njiani.