Kijiti cha mwarobaini na dawa ya meno

Vijijini India bado utawakuta watu alfajiri wakitafuna kijiti cha mwarobaini. Vitabu vya kale vya tiba ya Ayurveda vinaieleza kazi hiyo kwa makini. Sushruta, mwandishi wa kimojawapo, anataka kijiti kibichi, kinyoofu, chenye urefu wa upana wa vidole 12 na unene wa kidole cha mwisho. Ncha hutafunwa mpaka ifumuke nyuzi, kisha meno husuguliwa moja baada ya jingine bila kuumiza ufizi. Charaka naye, mwandishi wa kingine, anasisitiza kusafisha meno mara mbili kwa siku, jambo ambalo madaktari wa meno wa leo wanalihimiza vilevile.

Ulimi nao haukusahauliwa. Hukwanguliwa kwa kibamba cha shaba kilichopindwa, kutoka nyuma kuja mbele, na ule utando mweupe unaotoka ndio unaochangia harufu mbaya kinywani. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote.

Kusukutua kwa mafuta ya ufuta, ambako nako kumo katika Ayurveda, ni suala jingine. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani hakipendekezi, kwa kuwa ushahidi hautoshi. Na kijiti, hata kiwe kichungu namna gani, hakishiki nafasi ya floraidi katika kulikinga jino lisioze.

Kwetu pwani mwarobaini umejaa, na mswaki wa kijiti tunaujua tangu zamani. Utumie, lakini dawa ya meno yenye floraidi isikose nyumbani, hasa kwa watoto. Na jino likianza kuuma, nenda kliniki, usingoje.